Ruby Dee: bibi aliyemzaba kofi Denzel, na miaka 60 iliyotangulia kofi hilo

Wadau, kama umeiona American Gangster ya mwaka 2007 lazima unalikumbuka lile kofi. Denzel Washington kacheza kama Frank Lucas, mzungu wa unga wa pale Harlem, New York. Mambo yameanza kumwendea kombo, kapandwa na hasira, anataka kwenda kummaliza polisi mmoja. Mama yake mzazi, kibibi kidogo tu chembamba, anamkabili, anamwambia ukweli wake, na katika maneno hayo hayo anamzaba kofi la uso. Jitu ambalo mwanzoni mwa mkanda tuliliona likimpiga mtu risasi barabarani mchana kweupe linabaki limesimama kama mtoto aliyekutwa kaiba sukari.

Yule bibi anaitwa Ruby Dee. Kwenye filamu nzima yumo kwa dakika chache tu, lakini dakika hizo zilitosha. Januari 2008 waigizaji wenzake wa Marekani walimpa tuzo ya chama chao, na mwezi huo huo akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Ilikuwa mara yake ya kwanza kabisa kuteuliwa na alikuwa na miaka 85. (Magazeti mengi wakati ule yaliandika 83, kwa sababu kumbukumbu za zamani zilionyesha kazaliwa 1924. Ukikutana na namba hizo mbili usishangae.) Kabla yake, kwenye kipengele hicho ni Gloria Stuart wa Titanic tu aliyewahi kuteuliwa akiwa na umri mkubwa zaidi. Oscar yenyewe ilichukuliwa na Tilda Swinton.

Sasa swali ambalo watu hawakuuliza ni hili: mtu aliyeanza kuigiza miaka ya 1940 alikuwa wapi siku zote hizo? Jibu ni kwamba alikuwepo, tena alikuwa anafanya kazi bila kupumzika. Tatizo ni nafasi alizokuwa anapewa. Kwenye sinema za Marekani za enzi yake, mwanamke mweusi akiwa na bahati alipewa kuwa mke wa stelingi. Akikosa bahati alipewa kushika ufagio. Ruby Dee alikuwa mke wa stelingi kwa miaka mingi sana, na alipochoka kusubiri aliamua kujiandikia mwenyewe.

Jina lake la kuzaliwa ni Ruby Ann Wallace. Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1922 mjini Cleveland, jimbo la Ohio, lakini familia ilihamia New York akiwa bado mchanga, hivyo yeye ni mtoto wa Harlem hasa. Mama mzazi aliondoka mapema. Aliyemlea ni mama wa kambo, Emma, ambaye alikuwa mwalimu, na kwa wale wanaodhani kila mama wa kambo ni wa kwenye hadithi za kutisha, huyu ndiye aliyesisitiza muziki na vitabu mle ndani. Akiwa bado binti mdogo Ruby alikuwa anatuma mashairi yake kwenye gazeti la Waafrika-Marekani la Harlem, New York Amsterdam News. Kwa hiyo kalamu ilitangulia jukwaa, ingawa watu wengi wanamjua kwa jukwaa tu.

Alisoma chuo cha Hunter hapo hapo New York, akachukua Kifaransa na Kihispania, akahitimu mwaka 1945. Wakati anasoma alishajiunga na American Negro Theatre, kikundi kilichoanzishwa 1940 na kufanya maonyesho yake chini ya jengo la maktaba ya mtaa wa 135. Hapo hakukuwa na mambo ya kistaa. Leo unaigiza, kesho unapaka rangi mandhari ya jukwaa, keshokutwa unauza tiketi. Lakini angalia waliopita pale: Sidney Poitier, na Harry Belafonte, huyu huyu aliyeimba Malaika pamoja na Miriam Makeba. Wote walikuwa vijana wasio na kitu.

Jina la Dee alilipata kwa mume wa kwanza, mwimbaji Frankie Dee Brown. Waliachana mwaka 1945 lakini jina akabaki nalo.

Mwaka 1946 akaingia kwenye mchezo ulioitwa Jeb, kwenye Broadway, ile mitaa ya kumbi kubwa za maigizo za New York. Mchezo ulihusu askari mweusi anayerudi kutoka vitani akiwa kapoteza mguu, anafika kwao Kusini mwa Marekani anakuta ubaguzi unamsubiri pale pale alipouacha. Ulionyeshwa mara 9 tu ukafungwa. Kibiashara ni maafa. Lakini stelingi wake alikuwa kijana mrefu kutoka jimbo la Georgia anayeitwa Ossie Davis, na tarehe 9 Desemba 1948 Ruby na Ossie walipata siku ya mapumziko katikati ya mazoezi ya mchezo mwingine, wakapanda basi mpaka New Jersey, wakafunga ndoa. Walikaa pamoja miaka 56, wakapata watoto watatu. Ndoa za wasanii za siku hizi sitazisema.

Sinema zikaanza. Mwaka 1950 ilitoka The Jackie Robinson Story, kuhusu mchezaji mweusi aliyevunja mwiko kwenye ligi kuu ya besiboli ya Marekani mwaka 1947. Robinson aliigiza mwenyewe kama Robinson, na Ruby akawa mke wake. Mwaka 1957, kwenye Edge of the City, akawa mke wa Sidney Poitier. Magazeti yakaanza kumwita June Allyson wa Weusi. June Allyson alikuwa mwigizaji mzungu aliyezoeleka kwa nafasi za mke mpole anayemsubiri mume nyumbani, kwa hiyo hata sifa aliyopewa Ruby ilikuwa sifa ya kuazima. Yeye hakuipenda kabisa.

Hapa katikati kuna jambo lingine lililombana. Hiyo ilikuwa miaka ya msako wa wakomunisti Marekani. Ukisema neno la kumtetea mtu mbaya unaandikwa kwenye orodha, na simu za kazi zinanyamaza. Ruby na Ossie walimtetea Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mkubwa aliyenyang'anywa pasipoti kwa sababu ya siasa zake. Pia walipinga hadharani hukumu ya kifo ya akina Rosenberg, wale mume na mke waliouawa 1953 kwa kosa la ujasusi. Majina yao yakaingia kwenye mashaka. Walikuwa na watoto wadogo na kodi ya kulipa, lakini hawakurudi nyuma. Walichofanya ni kuzunguka wakisoma mashairi na hadithi makanisani na vyuoni, popote walipoalikwa.

Kisha ukaja mwaka 1959. Tarehe 11 Machi, A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry ikafunguliwa Broadway. Ulikuwa mchezo wa kwanza ulioandikwa na mwanamke mweusi kufika pale, na mwongozaji wake, Lloyd Richards, naye alikuwa mweusi. Kisa chenyewe ukikihamishia Manzese au Mathare hakihitaji kubadilishwa sana: familia imebanana kwenye chumba na sebule Chicago, choo wanachangia na majirani, baba kafariki na imekuja hundi ya bima ya dola 10,000. Kila mtu ana mpango wake na hizo hela. Mtoto wa kiume, Walter (Poitier), anataka kufungua duka la pombe. Dada mtu anataka kusomea udaktari na ana rafiki mwanafunzi kutoka Nigeria anayemfungua macho kuhusu Afrika. Mama anataka nyumba.

Ruby alikuwa Ruth, mke wa Walter. Tena mke! Lakini safari hii mwandishi alikuwa mwanamke anayejua mke ni nani. Ruth anafua na kupiga pasi nyumba za watu, amechoka mpaka mifupa, ana mimba na anafikiria kuitoa kwa sababu hakuna pa kumlaza mtoto. Hana hotuba ndefu kama za Walter. Itazame ile filamu ya 1961, ambayo waigizaji wengi wa jukwaani walirudi, halafu achana kidogo na Poitier anayerukaruka. Mtazame Ruth akikaanga mayai asubuhi huku mumewe anamsimulia ndoto zake. Hasemi kitu, lakini mgongo tu unakuambia kila kitu kuhusu ndoa ile. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko lile kofi. Mchezo ulionyeshwa mara 530, na kwa filamu hiyo Ruby akapewa tuzo ya mwigizaji msaidizi na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Marekani. Oscar haikumtazama.

Mwaka huo huo wa 1961 Ossie aliandika mchezo wake mwenyewe, Purlie Victorious, na Ruby akacheza binti mshamba anayeitwa Lutiebelle. Ni vichekesho vinavyowacheka wabaguzi. Hapo watu wakagundua kwamba yule mke mpole anajua kuchekesha!

Tarehe 28 Agosti 1963, kwenye yale maandamano makubwa ya Washington ambapo Martin Luther King alitoa hotuba yake ya ndoto, washereheshaji walikuwa Ossie Davis na Ruby Dee. Walikuwa marafiki wa King na vilevile wa Malcolm X, na hilo halikuwa jambo la kawaida kwa sababu kambi hizo mbili hazikuiva chungu kimoja. Malcolm, ambaye mwaka 1964 alifika mpaka Dar es Salaam, alipouawa Februari 1965 ni Ossie aliyesoma salamu za mwisho kwenye mazishi, wakati watu wengi wakubwa waliogopa kuonekana pale. Ruby naye pamoja na mke wa Poitier waliongoza kinamama kuchangisha fedha ili mjane Betty Shabazz na mabinti zake wapate nyumba.

Halafu miezi michache baadaye, huyo huyo akapanda jukwaa la tamasha la Shakespeare huko Stratford, Connecticut, akacheza Kate wa The Taming of the Shrew na Cordelia wa King Lear. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa nafasi kubwa kwenye tamasha hilo. Miaka ishirini ya kazi imeshapita, ndiyo kwanza anafunguliwa mlango huo.

Nadhani ni kuanzia hapa ndipo kalamu ilipochukua usukani. Mwaka 1968 alishirikiana na mwongozaji Jules Dassin na mwandishi Julian Mayfield kuandika filamu ya Uptight. Walichukua riwaya ya mwandishi wa Ireland, Liam O'Flaherty, kuhusu mtu anayewasaliti wenzake kwa polisi, wakaihamishia kwa wanaharakati weusi siku chache tu baada ya King kuuawa. Mji waliouchagua ni Cleveland, alikozaliwa. Ruby yumo pia kama mwigizaji, lakini safari hii alikuwa miongoni mwa walioshika karatasi.

Mwaka 1970 akacheza Boesman and Lena ya Athol Fugard, mwandishi wa Afrika Kusini, akiwa na James Earl Jones. Lena ni mwanamke asiye na makao, anatembea na mizigo kichwani na mume anayempiga, kwenye nchi ya makaburu inayobomoa vibanda vyao kwa tingatinga. Alipata tuzo ya Obie, inayotolewa kwa kumbi ndogo za New York. Mwaka 1973 akapata nyingine, ya Drama Desk, kwa Wedding Band ya Alice Childress, mwandishi mwingine mwanamke mweusi aliyetokea kikundi kile kile cha mtaa wa 135. Utaona kwamba kila mara nafasi nono ilikuja pale mwandishi alipokuwa mtu anayejua habari za watu kama yeye.

Kuna filamu moja nataka tuizungumze sisi tunaosema Kiswahili. Inaitwa Countdown at Kusini, ya mwaka 1976. Ndiyo, kusini hii hii ya kaskazini na kusini! Ossie aliiongoza na Ruby aliicheza, na ilipigwa Lagos, Nigeria. Ni hadithi ya ukombozi wa nchi ya Kiafrika iliyotungwa tu, na muziki ulipigwa na Manu Dibango wa Kameruni. Kilichoifanya iwe ya pekee ni fedha: ilidhaminiwa na Delta Sigma Theta, umoja wa wanawake weusi waliosoma vyuo vikuu, uliokuwepo tangu 1913. Walichoka kuona jinsi Hollywood inavyowaonyesha, wakachanga, wakatengeneza ya kwao. Haikulipa kwenye majumba ya sinema, na wahakiki hawakuipenda sana. Lakini wazo lenyewe, wanawake kuchanga hela wapige mkanda wao, halijazeeka.

Kama ulifuatilia Roots, ile ya Kunta Kinte, basi kwenye sehemu ya pili iliyotoka 1979 ulimwona Ruby kama Queen Haley, bibi yake mwandishi Alex Haley. Na kama ni mpenzi wa Spike Lee, utamkumbuka kwenye Do the Right Thing ya 1989 kama yule mama anayekaa dirishani anauchunga mtaa mzima, huku Ossie akiwa mzee mlevi anayemletea maua. Mwaka 1990 ilitoka filamu ya televisheni kuhusu Jackie Robinson alipokuwa jeshini, na Ruby akawa mama yake Robinson. Miaka 40 baada ya kuwa mke wa mtu, unakuwa mama yake! Hiyo ndiyo ngazi ambayo waigizaji wa kike walipandishwa.

Lakini mwaka huo huo, kwenye televisheni ya umma ya Marekani, alionekana kwenye Zora Is My Name!, habari ya mwandishi Zora Neale Hurston. Hapo hakuwa mke wala mama wa mtu. Alikuwa Zora, na mswada aliandika mwenyewe. Miaka hiyo pia aliandika vitabu viwili vya watoto kutokana na ngano za Afrika Magharibi. Kimoja, Two Ways to Count to Ten cha 1988, ni ngano ya Liberia: mfalme Chui anatafuta wa kumwoza binti yake na kumrithisha ufalme, sharti urushe mkuki juu na uhesabu mpaka kumi kabla haujatua. Tembo na wenye nguvu wengine wote wanashindwa, swala anashinda kwa sababu anahesabu mbili mbili. Wenye watoto wakijaliwa kukipata wawasomee. Mashairi na visa vyake alivikusanya kwenye My One Good Nerve, na mwishoni mwa miaka ya 1990 akakigeuza kitabu hicho kuwa onyesho la jukwaani la mtu mmoja: yeye peke yake, akiwa na zaidi ya miaka 75, saa nzima na ushee.

Mwaka 1998 yeye na Ossie walitoa kitabu cha maisha yao, wakipokezana kusimulia. Hawakuficha hata walivyoyumba kwenye ndoa. Na msije mkadhani walishakuwa wazee wa kupokea nishani tu. Februari 1999 polisi wanne wa New York walimpiga risasi 41 Amadou Diallo, kijana wa Guinea asiye na silaha, mlangoni kwake. Mwezi uliofuata Ruby na Ossie walikuwa miongoni mwa waliokaa mbele ya makao makuu ya polisi kupinga, wakakamatwa na kutiwa pingu.

Februari 2005 Ruby alikuwa New Zealand akipiga filamu ya No. 2, na humo ndani hakuwa msaidizi wa mtu. Alikuwa Nanna Maria, bibi wa Kifiji anayeamka siku moja na kuamuru ukoo mzima ukusanyike kwa karamu ili amtaje mrithi wake. Akiwa huko mbali ndipo zikamfikia habari kwamba Ossie kakutwa amefariki hotelini Miami Beach, tarehe 4, naye akiwa kwenye safari ya kazi. Miezi miwili tu nyuma walikuwa wamekaa pamoja Washington wakipewa heshima ya Kennedy Center. Alirudi akamzika. Filamu ilimalizika, ikatoka 2006. Ukiitazama ukijua hilo, ile karamu inakuwa na ladha nyingine kabisa. Mwaka 2007 akapata Grammy kwa kitabu chao cha maisha walichokisoma kwa sauti, wakati msomaji mwenzake hayupo tena. Kisha ndiyo ikaja American Gangster, na lile kofi.

Ruby Dee alifariki nyumbani kwake New Rochelle, New York, tarehe 11 Juni 2014, akiwa na miaka 91. Kumbi za Broadway zilizima taa zao za nje kwa dakika moja. Yeye na Ossie walikuwa wameshaeleza kwamba miili yao ichomwe na majivu yao yakae kwenye chombo kimoja.

Kwa anayetaka kuanza kumtazama, mimi ningesema anza na A Raisin in the Sun ya 1961, usichukue iliyorudiwa baadaye, halafu No. 2. Na kama kuna mdau amewahi kuiona Countdown at Kusini, kwenye sinema za zamani au kanda ya mzee fulani, aseme hapo chini kwenye maoni. Ningependa kujua hiyo kusini yenyewe waliitamkaje.